Ulinzi wa majengo ya serikali: Nani ashike funguo za lango?

MKAZI wa Molo mwenye shughuli nyingi za serikali anaweza kupita malango manne kwa siku moja. Asubuhi yuko katika afisi ya naibu kamishna wa kaunti kutafuta barua. Saa nne yuko mahakamani kufuatilia kesi ya mirathi. Adhuhuri anamwona mgonjwa hospitalini, na kabla ya jua kutua anapiga foleni katika kituo cha polisi kuripoti kitambulisho kilichopotea.

Katika kila lango kuna mtu wa kumuuliza anatoka wapi na anaenda wapi. Ila anayeuliza si mmoja, na kila mmoja ana mkubwa wake.

Afisi ya naibu kamishna ni mali ya serikali ya kitaifa, na kwa desturi hulindwa na Polisi wa Utawala. Mahakama ni ya Idara ya Mahakama, ambayo kikatiba ni mkono huru wa dola, lakini bunduki iliyo mlangoni pake ni ya Inspekta Jenerali wa Polisi. Hospitali iliwekwa chini ya kaunti ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013. Kaunti nayo haina polisi. Ina askari wake wa kusimamia sheria ndogo ndogo, na pale wasipotosha hukodiwa walinzi wa kampuni za kibinafsi, ambao sheria haiwaruhusu kubeba bunduki.

Ni mpangilio ambao mwananchi wa kawaida hana haja ya kuufikiria, hadi siku jengo linapochomwa na kila mmoja akamwelekezea mwenzake kidole.

Siku ya namna hiyo ilikuwa Juni 25, 2024. Waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo walivunja ua wa Bunge jijini Nairobi, wakaingia ndani na sehemu ya jengo ikashika moto. Karibu na hapo, moto uliwashwa pia katika jumba la City Hall, yaliko makao ya serikali ya Kaunti ya Nairobi. Polisi walifyatua risasi na watu wakafa nje ya lango la Bunge.

Molo haikuwa mbali na tukio hilo kama ramani inavyoonyesha. Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa, iliyokuwa ikishughulikia mswada huo, iliongozwa na mbunge wa Molo, Bw Kuria Kimani.

Jioni ya siku hiyo hiyo, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, Bw Aden Duale, alichapisha ilani katika gazeti rasmi la serikali akiwatuma wanajeshi kuwasaidia polisi. Sababu aliyotoa ni kuvamiwa na kuharibiwa kwa miundombinu muhimu. Chama cha Mawakili kilikimbilia Mahakama Kuu, na Jaji Lawrence Mugambi akakubali jeshi liendelee kuwepo, ila akaitaka serikali ieleze bayana mipaka ya kazi hiyo na muda wake. Jina la jaji huyo litarejea hapa chini.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 25, 2025, maandamano ya kuwakumbuka waliouawa yaligeuka ghasia katika miji kadhaa. Mjini Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, sehemu ya mahakama iliteketea pamoja na majalada ya kesi. Afisi za serikali na vituo vya polisi kwingineko vilishambuliwa.

Kesho yake Waziri wa Usalama wa Ndani, Bw Kipchumba Murkomen, aliwaambia polisi wampige risasi yeyote atakayekaribia kituo cha polisi kwa nia ya uhalifu. Kauli hiyo ililaaniwa na mawakili na watetezi wa haki. Waziri alijitetea kwamba alirejelea nguvu ambazo sheria tayari inampa afisa wa polisi anayeshambuliwa.

Baada ya matukio hayo, hoja ya kuweka ulinzi wa majengo ya serikali chini ya usimamizi mmoja imepata nguvu mpya. Hoja yenyewe, hata hivyo, ni kongwe.

Sheria ya kwanza kuhusu jambo hili ilitungwa enzi za ukoloni. Ni Sheria ya Maeneo Yaliyohifadhiwa, ambayo hujulikana kama Sura ya 204 na ambayo chimbuko lake ni mwaka wa 1949. Sheria hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza katika gazeti rasmi kwamba eneo fulani limehifadhiwa kwa manufaa ya umma. Baada ya tangazo, hakuna anayeruhusiwa kuwa ndani ya eneo hilo bila idhini, na mlinzi ana mamlaka ya kumpekua anayeingia. Neno la waziri linatosha. Sheria haikuhitaji Bunge kupitisha orodha wala wakazi wa karibu kuulizwa.

Ulinzi wenyewe uliachiwa kwa kiasi kikubwa Polisi wa Utawala. Kikosi hiki kilizaliwa na askari waliokuwa wakiwahudumia machifu wa kikoloni, kikapewa sheria mwaka wa 1929 kama polisi wa kikabila, kisha kikapata jina la sasa mwaka wa 1958. Kwa miaka mingi mkubwa wao hakuwa kamanda wa polisi bali mkuu wa wilaya. Aliyelinda mlango wa afisi ya DC alikuwa askari wa DC, na mambo yalikwisha hapo.

Uhusiano huo ulikuwa na ubaya wake. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu 1,133 waliuawa kote nchini kwa hesabu ya Tume ya Jaji Philip Waki, tume hiyo ilikosoa vikali jinsi Polisi wa Utawala walivyotumiwa kisiasa na ikapendekeza waunganishwe na polisi wa kawaida. Jopokazi la Jaji Philip Ransley la mwaka wa 2009 lilipendelea vikosi viwili vibaki, ila chini ya kiongozi mmoja. Katiba ya 2010 ilifuata njia ya Ransley. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, katika kifungu cha 27, ikaweka ulinzi wa mali ya serikali na mitambo muhimu miongoni mwa kazi za Polisi wa Utawala.

Hatua iliyokaribia zaidi usimamizi wa pamoja ilichukuliwa Septemba 2018. Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alizindua mpango wa kupanga upya polisi ambapo zaidi ya maafisa 24,000 wa Polisi wa Utawala walihamishiwa polisi wa kawaida. Waliobaki walipewa kazi maalum: mipaka, wizi wa mifugo, dharura, na ulinzi wa miundombinu muhimu. Kikosi cha awali cha kulinda majengo ya serikali kikamezwa na kingine kipana zaidi kinachojulikana kwa ufupisho CIPU.

Kwa hiyo kusema kwamba Kenya haina chombo kimoja cha kulinda majengo ya umma si kweli kabisa. Inacho. Ambacho haina ni sheria moja inayosema kila jengo lilindwe kwa kiwango gani, nani anakagua ulinzi huo, na nani anawajibika ukishindwa. Askari wamewekwa chini ya paa moja, lakini wajibu umebaki umetawanyika.

Wanaotetea usimamizi wa pamoja wana ushahidi mzito, na ulio wazi kuliko wote ni Westgate. Magaidi walipovamia jumba hilo la biashara Septemba 21, 2013 na kuua watu 67, maafisa wa kikosi maalum cha polisi waliingia kwanza, kisha wakaja wanajeshi. Hapakuwa na amri moja wala mawasiliano ya pamoja. Afisa wa polisi aliuawa kwa risasi iliyofyatuliwa na upande wa serikali, polisi wakaondoka kwa hasira na magaidi wakapata nafasi ya kujipanga.

Hilo halikuwa jengo la serikali, lakini kosa lililotendeka pale laweza kurudiwa katika lango lolote lenye wakubwa wawili.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi na Molo. Juni 13, 2024, siku 12 tu kabla ya Bunge kuvamiwa, Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini katika Mahakama ya Makadara, Nairobi, ndani ya hema lililotumiwa kama chumba cha mahakama. Alifariki siku mbili baadaye. Aliyempiga risasi alikuwa mkuu wa kituo cha polisi cha Londiani, mji jirani wa Molo ulio upande wa Kaunti ya Kericho. Alikuwa amekasirishwa na uamuzi wa hakimu kufuta dhamana ya mkewe. Maafisa wenzake waliokuwa wakilinda mahakama walimuua papo hapo, na watatu kati yao walijeruhiwa.

Afisa huyo alikuwa na silaha ya serikali. Swali lililoulizwa baada ya mazishi lilikuwa rahisi: ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia mkuu wa kituo aache bastola yake langoni? Karani wa mahakama hawezi. Konstebo naye atawezaje kumwamuru mtu anayemzidi cheo, tena wa huduma yake mwenyewe?

Idara ya Mahakama imedai kwa miaka mingi kikosi kinachowajibika kwake. Miezi mitatu baada ya mauaji ya Makadara, dai hilo lilipata sababu nyingine.

Septemba 13, 2024, Jaji Mugambi alimhukumu kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Bw Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Alikuwa ameitwa mara kadhaa kueleza waliko watu waliodaiwa kutekwa nyara huko Kitengela asifike. Siku chache baada ya hukumu, Jaji Mkuu Martha Koome alitangaza kwamba walinzi wa Jaji Mugambi walikuwa wameondolewa. Polisi walieleza kwamba maafisa hao walikuwa wameitwa kwenda kupata mafunzo. Bw Masengeli hatimaye alifika mbele ya jaji, akaomba radhi na hukumu ikaondolewa.

Hapo ndipo penye fundo la mjadala mzima. Anayetuma walinzi ndiye anayeweza kuwaondoa. Mfumo wa pamoja unaoishia mezani kwa mtu mmoja jijini Nairobi unampa mtu huyo uwezo wa kuamua, kwa simu moja, ni jengo gani litakalolala bila mlinzi. Huenda asiutumie vibaya, lakini mahakama inayoamua kesi dhidi ya polisi haiwezi kuishi kwa kutegemea hisani ya polisi.

Mapendekezo yaliyofika Bungeni hayajagusa fundo hilo. Mswada wa kurekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma, uliowasilishwa mwaka wa 2025 na Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, Bi Esther Passaris, ulihusu zaidi walio nje ya lango. Ulipendekeza kupiga marufuku mikutano na maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo yaliyohifadhiwa chini ya Sura ya 204. Anayekiuka angetozwa faini isiyozidi Sh100,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Waziri wa Usalama wa Ndani angekuwa na uwezo wa kutenga sehemu za kufanyia mikutano kwa kushauriana na serikali ya kaunti.

Mswada huo ulipingwa vikali kwa msingi wa kifungu cha 37 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa maafisa wa umma bila silaha. Wakosoaji waliuliza: malalamishi yatawasilishwaje kwa afisa ambaye hairuhusiwi kumkaribia?

Mita 100 zinaonekana chache zikiandikwa kwenye karatasi. Lakini mduara wenye nusu kipenyo hicho unafunika karibu ekari nane. Jijini Nairobi ekari nane ni sehemu ndogo ya katikati ya mji. Katika miji midogo ya Bonde la Ufa, ambako afisi za utawala, polisi na mahakama mara nyingi ziliwekwa karibu karibu kwa mtindo wa boma la kikoloni, miduara miwili au mitatu ikipandana inaweza kumeza barabara kuu, kituo cha matatu na nusu ya soko. Na kwa kuwa Sura ya 204 inamwachia waziri kalamu, idadi ya miduara ingemtegemea yeye.

Afrika Kusini imeshayapitia haya. Sheria yake ya Sehemu Muhimu za Kitaifa ya mwaka wa 1980, iliyotungwa na serikali ya ubaguzi wa rangi, ilimpa waziri uwezo wa kutangaza sehemu yoyote kuwa muhimu, na orodha ikafanywa siri. Mtu angeweza kuvunja sheria kwa kusimama mahali ambapo hakujua pamehifadhiwa. Mwaka wa 2010 makazi ya kibinafsi ya Rais Jacob Zuma huko Nkandla yaliingizwa kwenye sheria hiyo, na gharama za kuyaimarisha zikafika randi milioni 246. Miongoni mwa vilivyojengwa ni bwawa la kuogelea, ambalo maafisa walieleza kwa uso mkavu kwamba lilikuwa la kuzimia moto.

Desemba 2014 mahakama iliamuru orodha hiyo itolewe kwa umma. Mwaka wa 2019 nchi hiyo ikatunga sheria mpya ya kulinda miundombinu muhimu, yenye baraza la ushauri ambalo wajumbe wake baadhi hutoka nje ya serikali.

Hata hivyo, sheria nzuri haizimi moto. Januari 2, 2022, ukumbi wa Bunge la Afrika Kusini mjini Cape Town uliteketea. Ilibainika kwamba mtu alikuwa ameingia mwendo wa saa nane usiku, kamera zikamnasa, na hakuna aliyekuwa akizitazama. Jengo lilikuwa na polisi na pia lilikuwa na kitengo chake cha ulinzi, ambacho wafanyakazi wake hawakuwa zamu wikendi hiyo ya sikukuu ili kupunguza gharama. Valvu ya mfumo wa kunyunyizia maji ilikuwa imefungwa.

Marekani ilichagua njia tofauti. Baada ya bomu la Oklahoma City la Aprili 19, 1995 lililoua watu 168 katika jengo la serikali, iliundwa kamati ya idara mbalimbali kuweka viwango vya ulinzi kulingana na hatari inayokabili kila jengo. Kituo cha ajira cha mji mdogo hakilindwi kama makao makuu ya wizara. Polisi maalum wa majengo ya serikali, waliohamishiwa Wizara ya Usalama wa Ndani mwaka wa 2003, husimamia maelfu ya walinzi wa kandarasi. Bunge lina walinzi wa mkono wake.

Lakini mwaka wa 2009 wakaguzi wa bunge la nchi hiyo walijifanya wageni na kubeba vipande vya bomu wakipita walinzi katika majengo 10. Walifaulu katika yote 10. Jambo la kutilia maanani ni kwamba ukaguzi huo ulifanywa na chombo kisichokuwa chini ya walinzi wenyewe, na matokeo yakasomwa hadharani.

Kutenganisha anayeweka viwango na anayetoa amri ndiko kunakokosekana katika mjadala wa Kenya. Inawezekana viwango viwe vya nchi nzima, yaani mwanga, ua, vizimamoto, kamera, nakala za majalada mahali pengine, na kanuni kwamba kila mwenye silaha, hata awe kamanda, aiache langoni. Hayo hayahitaji askari wote wawe wa bwana mmoja. Mahakama ya Kikuyu ingekuwa na nakala za kutosha za majalada yake, hasara ya moto ingepungua hata kama lango lingevunjwa.

Kuna pia jambo dogo ambalo wanasheria hulisahau na wakazi hawalisahau: kitabu cha wageni. Mtu huandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, na anayefuata foleni husoma yote hayo wakati akitafuta mstari wake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu kitabu hicho kama inavyohusu kompyuta za benki. Sheria yoyote mpya ya malango itabidi iseme kurasa hizo zinatunzwa na nani na kwa muda gani.

Kwa Molo, suala hili lina uzito ambao hauonekani Nairobi. Mwaka wa 1992, na tena mwishoni mwa 2007 na mapema 2008, familia zilizochomewa nyumba katika maeneo ya Molo na Kuresoi zilikimbia na magodoro kichwani kutafuta mahali penye askari na ua. Viwanja vya vituo vya polisi, afisi za utawala, makanisa na shule viligeuka kambi katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Aliyefungua lango usiku aliokoa watu, na hakungoja barua kutoka makao makuu.

Mwongozo unaolichukulia lango kama kizuizi tu hautampa afisa wa zamu uwezo huo. Atalazimika kupiga simu kwa mkubwa wake, naye kwa mkubwa wake, huku watu wakiwa nje kwenye baridi. Katika rasimu yoyote itakayoletwa, nguvu za kufunga zitaandikwa kwa urefu. Wakazi wa Molo watataka kujua kama kuna aya inayosema ni nani anaruhusiwa kufungua, na katika hali gani.

Bado kuna suala la fedha. Katiba inaweka polisi na usalama wa taifa mikononi mwa serikali ya kitaifa, na hospitali za kaunti mikononi mwa kaunti. Ikiwa CIPU watalinda hospitali ya Molo, gavana wa Nakuru atauliza kama atakatwa fedha kwa ajili yao. Ikiwa hawatailinda, basi sheria itakuwa ya nusu ya majengo ya umma, tena ile nusu ambayo tayari ina walinzi wenye bunduki.

Kwa sababu hiyo, mswada wa aina hii utakaogusa majengo ya kaunti utakuwa miongoni mwa miswada inayohusu serikali za kaunti, kama kifungu cha 110 cha Katiba kinavyoeleza, na utalazimika kupita katika Seneti baada ya Bunge la Kitaifa au kinyume chake. Mabunge yote mawili yanatakiwa na kifungu cha 118 kusikiza maoni ya umma kabla ya kupiga kura. Vikao vya aina hiyo aghalabu hufanyiwa katika kumbi za serikali, na anayetaka kutoa maoni huanza kwa kuandika jina lake langoni.